Kikombe cha Mwenye Udongo

Mwaka wa 2002 Kitengela ilikuwa haijaamua bado kama ni mji au ni malisho. Asubuhi ungekuta ng'ombe wamelala mbele ya duka la kinyozi, na jioni wafanyakazi wa viwanda vya EPZ wakirudi kwa miguu, vumbi hadi kwenye nyusi, kila mmoja akielekea chumba chake katika zile ploti za mabati zilizochipuka nyuma ya Noonkopir. Watu walitoka kila pembe ya nchi, na kila mmoja alikuja na lugha yake, dini yake na shida zake. Kitu ambacho wengi walisahau kukifunga kwenye mizigo ni chakula cha kwao. Hilo mtu huligundua baadaye, tumbo linapoanza kuuliza maswali.

Wanyama alikuwa Mbukusu wa Chwele, msimamizi wa mashine za kupiga pasi katika kiwanda kimoja cha nguo. Alikuwa mrefu, mpole, mwepesi wa kucheka, na kwa habari ya chakula hakuwa na aibu hata chembe. Mkewe Dolphine alishazoea kumwona akisimama penye mlango wa jirani akinusa sufuria isiyo yake. Miaka saba ya Kitengela alikuwa amekula sukuma wiki mpaka akaapa kwamba hata jasho lake limegeuka kijani. Mrenda wa kweli, ule unaovutika kutoka sahani hadi mdomoni bila kukatika, aliupata kwa bahati tu. Ugali wa wimbi na muhogo, ule mweusi unaomshikilia mtu mpaka kesho yake, alikuwa akiuota. Wenzake kiwandani walimcheka, naye akacheka nao. Hamu ya chakula cha kwenu haijamuua mtu mzima, ndivyo alivyodhani.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo kicheko kilimwisha. Mama yake, aliyeitwa Mama Nanjala, aliletwa kutoka Chwele akiwa na uvimbe tumboni.

Hospitali moja ya Nairobi ilimpima Mama Nanjala, ikampiga picha, na daktari akamweleza Wanyama bila kuzunguka mbuyu. Uvimbe utatolewa, alisema, lakini si sasa, maana huyu mama amekwisha. Damu hana, nyama hana. Mpelekeni nyumbani ale, apate nguvu, kisha mumrudishe. Asipokula hatuwezi kumpasua, na tusipompasua mnajua wenyewe. Wanyama alijua. Alikuwa amewaona watu wa kwao wakisafiri kuelekea magharibi siku za Ijumaa, gari lenye jeneza limefungwa utepe mwekundu, walio ndani wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti zilizochoka.

Basi Dolphine akaingia jikoni. Alipika supu ya mifupa, akapika wali, akapika ndizi za kuponda, akakaanga mayai mpaka Valerie, binti yao mdogo, akaanza kuuliza kama kuna sherehe. Mama Nanjala alikuwa akiketi kitandani, amejifunika blanketi zito la kijivu ambalo marehemu mumewe alimnunulia walipopata mtoto wa kwanza. Alikuwa akinawa mikono kwa heshima, anaonja kidogo, halafu anaisukuma sahani pembeni.

"Mkono wako ni mzuri, mwanangu," alimwambia Dolphine. "Ni mdomo wangu umekataa."

Dolphine alikuwa akienda kulia kwenye kamba ya nguo, akijifanya anaanua. Kumpikia mama mkwe akakataa si jambo dogo. Kule kwao lingeshazaa maneno ya miaka kumi. Lakini huyu mama hakuwa wa maneno. Alikuwa akiyeyuka tu, kila siku kidogo, na blanketi lile likizidi kuonekana kubwa juu yake.

Wanyama alimbembeleza aseme anachotaka. Mwanzoni alikataa, maana mzazi wa kweli hapendi kumsumbua mtoto. Hatimaye akasema labda ugali wa bulo, yaani ule wa wimbi. Wanyama akatoka mbio kama aliyetumwa na mfalme, na mguu wa kwanza ulimpeleka kwa Safiyo.

Safiyo alikuwa Msomali wa Wajir. Mumewe, Muhumed, alinunua mbuzi kote Kajiado na alionekana dukani mara chache kuliko wateja. Duka lilikuwa la mchele, tambi, tende, sukari na chai, na nyuma ya kaunta palikuwa na madumu ya manjano ya maziwa ya ngamia yaliyoletwa kwa basi kupitia Isili, Nairobi. Watu wote walimwita Mama Hibaq, kwa jina la binti yake.

"Mama Hibaq, uko na unga ya wimbi? Ile iko na muhogo ndani."

"Ya uji?"

"Ya ugali."

"Ugali ya unga ya uji!" Safiyo akapiga kofi. "Nyinyi watu wa Bungoma mko na mambo. Kwani sembe imewakosea nini?"

Wanyama akamweleza habari ya mama yake. Safiyo aliacha kucheka, akamsogezea kiti cha plastiki.

"Baba Valerie, sikiza. Mimi nilizaa Hibaq hapa, tisini na tano. Kwetu mama akizaa anapewa maziwa ya ngamia. Hapa hakuna. Muhumed akasikia kuna mtu ako na ngamia Oltepesi, huko barabara ya Magadi. Akaenda. Alirudi na mtungi mtupu, na mbuzi." Akatikisa kichwa. "Nikalia, wallahi, na mimi si mtu wa kulia. Siku hiyo ndio nilijua niko mbali. Wacha niongee na watu wa malori. Unga itakuja."

Na ukaja, kutoka Busia, ndani ya gunia la mkaa ili usionekane na wenye kutaka kuonja njiani. Dolphine aliusonga mpaka mwiko ukalia. Mama Nanjala alikula matonge manne, na nyumba nzima ikapumua. Siku ya pili akala mawili. Siku ya tatu akaugusa tu.

"Ugali haukai peke yake," akasema. "Unataka mwenzake."

Ikaanza safari ya mwenzake. Wanyama alisikia kwamba mke wa polisi mmoja, mtu wa kwao, anapanda mrenda karibu na reli huko Kajiado mjini, akapanda gari siku yake ya kupumzika na kurudi na furushi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mama alikula siku moja. Basi, usiku huo huo wa mrenda, mama akasema jina ambalo Wanyama alikuwa akiliogopa tangu mwanzo, kwa kuwa alijua haliuzwi sokoni Kitengela hata ukiuza shati lako.

"Chiswa," alisema mama. "Kama ningepata chiswa, mwanangu, nadhani mdomo ungekubali."

Chiswa ni kumbikumbi. Na usikunje pua, msomaji, kama hujawahi kuzila. Asiyejua utamu wa kitu hana haki ya kukitemea mate. Wanyama alikwenda hadi Kangemi, Nairobi, ambako watu wa magharibi wamejaa, akapata chiswa zilizokaushwa zamani, zimelala kwenye beseni chini ya jua. Mama akatia moja mdomoni, akaitafuna kwa muda mrefu, akaitoa kwa ustaarabu kwenye kona ya leso.

"Hizi zimekufa mara mbili," alisema.

Mvua ya Novemba ilianza wiki iliyofuata. Wanyama, akirudi kazini siku ya Ijumaa, alikata njia kupitia nyika iliyo nyuma ya Noonkopir ili kukwepa tope la barabarani. Hapo akasimama ghafla. Mbele yake palikuwa na kichuguu kipana, na chini yake udongo mbichi ulikuwa umeinuliwa, umetobolewa vitundu vidogo vidogo, na kwenye kila kitundu vichwa vya mchwa walinzi vikichungulia. Chiswa walikuwa wamefungua milango. Hawa watatoka kesho, jua likiwaka baada ya mvua. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, Wanyama alicheka peke yake nyikani, na swala waliokuwa karibu wakamkimbia.

Akafanya kile ambacho baba yake angefanya. Kwao Chwele kichuguu ni mali. Kinarithiwa kama ng'ombe, na ndugu wa tumbo moja wamewahi kuacha kusalimiana kwa ajili ya kimoja. Kile kisicho na mwenyewe, anayekiona kwanza hukizungushia vijiti vinne na kufunga kitambaa, na tangu hapo hata mwizi hupita kando. Wanyama alikata vijiti vinne, akavichomeka kwenye pembe nne, akararua kitambaa cha leso yake na kukifunga kwenye kimoja. Kisha akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Maskini. Kitengela ya miaka ile, vigingi vinne vyenye kitambaa vilikuwa na maana moja tu, na kila mtoto wa mchungaji aliijua. Kwamba mpima ardhi amepita. Kwamba ardhi hii imeuzwa, na pengine mwenyewe ndiye atakuwa wa mwisho kuambiwa.

Ilikuwa ardhi ya Soila, mjane wa Kimaasai aliyeishi na ng'ombe wake ng'ambo ya korongo. Mumewe, enzi za uhai wake, aliuza vipande kimya kimya kwa madalali, na kila mara Soila alizipata habari kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa akitoka asubuhi na ng'ombe, anakuta vigingi. Kesho yake kunatokea kibanda cha kushikia ploti. Keshokutwa anakuja mtu mwenye karatasi na miwani. Kilichobaki alikuwa amekiapia kwamba hakitakwenda.

Sasa fikiria. Jumamosi alfajiri, kabla ya kwenda kazini nusu siku, huyu Wanyama wetu alirudi na fito, akazikunja juu ya vile vitundu, akazifunika kwa blanketi. Chiswa hutaka giza, wasione mwanga ila kwenye tundu moja ulipotega kopo lako. Nguo nyepesi haifai. Nyumbani kulikuwa na kitu kimoja tu kizito cha kutosha, nalo lilikuwa lile blanketi la kijivu. Alilichukua mama akiwa bado amelala, akamfunika kwa shuka mbili, akajiambia kwamba atalirudisha mchana likiwa na harufu ya ushindi. Akakiacha pale kibanda chake kidogo ndani ya vigingi vinne, akaenda kupiga pasi suruali za Wamarekani.

Aliporudi saa saba, jua likiwaka vizuri na ardhi ikitoa mvuke, hakukuta kitu. Vigingi vimeng'olewa, fito zimevunjwa, blanketi halipo. Palikuwa na nyayo za ndala na za mbwa tu. Chiswa wachache walikuwa wameshaanza kutambaa nje, wakaruka mbele ya macho yake, juu, juu, mpaka ndege wakawadaka.

Alipita kwa Safiyo akiwa na kopo tupu mkononi.

"Ni wewe!" Safiyo alisema, akashika kichwa. "Ya Allah, Baba Valerie, ni wewe! Mama Soila alikuwa hapa sasa hivi kuchukua sukari. Amekasirika mpaka anatetemeka. Anasema kuna mwizi ameweka beacon, zile vijiti za surveyor, kwa shamba yake, na nyumba ya blanketi. Anasema amechukua hiyo blanketi, mwenyewe aje achukue kama yeye ni mwanaume."

"Nilikuwa nataka wadudu tu."

"Wewe enda umwambie hivyo, uone kama ataamini!"

Hakwenda. Tuseme ukweli, aliogopa. Watu walikuwa wamewahi kupigana kwa rungu kwa sababu ya mambo hayo. Alikwenda nyumbani, na huko alikuta jambo baya zaidi, mama yake ameketi kitandani, anatafuta kwa mikono.

"Blanketi ya baba yako iko wapi?"

Wanyama akapiga magoti sakafuni, mtu mzima mwenye ndevu, akamweleza yote. Aliona haya kuliko siku yoyote maishani mwake. Alidhani mama atalia. Mama Nanjala alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Uliomba?"

"Mayi, nilidhani hakina mwenyewe."

"Udongo usio na mwenyewe uliuona wapi? Baba yako alikufundisha kuweka vijiti, sawa. Hakukufundisha kikombe? Ukitega kwenye udongo wa mtu, kikombe cha kwanza ni cha mwenye udongo. Kabla ya mama yako, kabla ya mtoto. Umekula za watu miaka yote na hukuona nilikuwa nikipeleka kwa nani kile cha kwanza?" Akashusha miguu chini. "Dolphine, nipe viatu."

"Mama, huwezi kutembea," alisema Dolphine.

"Sijasema natembea. Nimesema viatu."

Hakuna aliyemwona akisimama tangu Oktoba. Walimbeba mkono huku na huku mpaka barabarani, na kwa kuwa hakukuwa na gari lililokubali tope lile, Ndeti, muuza maji, aliteremsha madumu yake kwenye mkokoteni wa punda, akatandika gunia, akampandisha mama kama bibi harusi. Wakaenda hivyo, punda mbele, Ndeti akimkemea punda, Wanyama nyuma akishika mgongo wa mama yake asianguke. Watu walitoka kwenye vioski kutazama. Kitengela hupenda sinema ya bure.

Soila alikuwa amesimama langoni mwa boma lake, fimbo mkononi, mbwa watatu miguuni. Blanketi lilikuwa limetundikwa kwenye miiba ya ua. Alikuwa mwembamba, mweusi, mwenye masikio yaliyoning'inia shanga, na umri wake na wa mama Nanjala ulikuwa kama mmoja.

"Takwenya, yeyo," Wanyama alimwamkia kwa Kimaasai, kama mtu amwamkiaye mama yake.

"Iko." Salamu alijibu, maana salamu haina kosa. "Ni wewe wa beacon?"

"Ni mimi, yeyo. Lakini haikuwa beacon."

"Mimi najua nyinyi watu ya plot. Nyinyi mko na mdomo tamu. Bwana yangu alipewa mdomo tamu mpaka ng'ombe ikakosa mahali ya kulala." Kisha akamwona mama juu ya mkokoteni. "Na huyu umeleta ya nini? Ndio nihurumie?"

Mama Nanjala hakungoja kutafsiriwa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Chwele, kidogo lakini cha kufaa.

"Dada," alisema, "mimi niko mgonjwa. Nakuja kuomba chakula kwako."

Hapo Soila akashusha fimbo. Mgeni akishasema hivyo mbele ya boma, hasira hukaa chini kwanza. Aliita msichana alete maziwa. Mama Nanjala akainua mkono.

"Asante ya maziwa. Lakini chakula yangu haiko kwa nyumba yako. Iko kwa udongo yako. Huyu mtoto yangu alikuja kuchukua bila kuomba. Ni kosa yangu, ni mimi nilimzaa."

"Chakula gani iko kwa udongo?"

Mama akamwonyesha kwa vidole, mabawa yakipiga. Soila alitazama vile vidole, akamtazama Wanyama, akamtazama tena mama. Alianza kucheka taratibu, halafu akacheka mpaka akaegemea fimbo.

"Wadudu? Mnakula wadudu? Mwaka mzima mimi nalala na jicho moja, kumbe mwizi anataka wadudu!" Kisha kicheko kikakatika, akawakazia macho. "Hapana. Hiyo ni akili ya watu ya plot. Nionyeshe. Nataka kuona kwa macho yangu ukikula."

Wakaenda kichuguuni wote, na punda. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Wanyama alihofia kwamba chiswa wote wameruka, lakini alikunja fito upya, na Soila mwenyewe, ili asikose ushahidi, akatupa blanketi juu. Mama aliketishwa juu ya jiwe. Aliomba ubao wa mkokoteni na vijiti viwili, akaanza kugonga.

Alianza polepole, kama matone ya kwanza yanayopima mabati. Akaongeza kidogo, na kidogo tena. Mikono ile ambayo asubuhi haikuweza kushika kikombe cha chai ilikuwa ikigonga bila kukosea, na midomo yake ikinong'ona wimbo aliouimba akiwa msichana. Chiswa wakisikia hivyo hudhani mvua imekuja. Wanyama aliona jasho kwenye paji la uso la mama, akataka kumpokea vijiti, mama akamsukuma kwa kiwiko.

Wakatoka. Kwanza mmoja, mwenye mabawa bado yamelowa, halafu kumi, halafu wakamwagika kwenye kopo kama mtama. Ndeti alirudi nyuma hatua mbili. Soila alisogea mbele.

Mama Nanjala akachota kikombe cha kwanza, kikombe cha bati cha kunywea chai, akampa Soila kwa mikono miwili.

"Hii ni ya mwenye udongo."

Soila alikipokea akakishika mbali na mwili wake, uso umekunjamana. Kisha mama akatia mkono koponi, akapuliza mabawa, akala, wabichi, vile wanavyoliwa na wenye kuwajua. Akala tena. Mafuta yakamng'aa mdomoni. Wanyama alihesabu moyoni kama mtu anayehesabu risasi zinazomkosa, kisha akaacha kuhesabu, kwa sababu hakuwa akiona vizuri tena. Alikuwa akilia wazi wazi mbele ya muuza maji.

"Wanyama," mama alisema, kinywa kimejaa, "ule ugali wa Dolphine ulibaki?"

Alikula ugali jioni ile, na kesho yake, na chiswa zilizokaangwa kwa chumvi zikamvusha mpaka mwezi wa Desemba. Mwezi wa Januari walimpasua. Mwezi wa Machi alirudi Chwele kwa miguu yake mwenyewe, blanketi kwenye mfuko. Kabla ya kuondoka alimpelekea Soila kuku jike, maana mkono mtupu haulambwi. Soila, ambaye hakuwahi kufuga kuku, akapata cha kumlisha: kile kikombe cha mwenye udongo.

Ikawa desturi. Kila mvua, Soila alikuwa akimwambia Safiyo, na Safiyo akimpigia kelele Wanyama akipita: "Baba Valerie! Kichuguu yako imefungua macho!" Wanyama anakwenda, anatega, anampa Soila kikombe cha kwanza, Soila anakipokea kwa mkono ulionyooshwa, anawamwagia kuku, na kucheka kila mara kama ni mara ya kwanza. Kuku walijua saa. Wakiona kopo tu, walikuja mbio. Na cha ajabu ni mama mwenyewe. Yuko Chwele, amezungukwa na vichuguu vya baba zake, lakini alikuwa akimpigia Wanyama simu kutoka kwa jirani kusisitiza atumiwe kopo moja la Kitengela kwa basi. Alidai za kule zina mafuta zaidi. Wanawake wa kanisani walimwambia anaringa.

Mwaka wa 2006, mwezi wa Februari, Mama Nanjala alilala na hakuamka. Haukuwa uvimbe, ule ulishasahaulika. Wanyama alikwenda akamzika karibu na mumewe, akarudi kazini. Safiyo alimpa pole na sukari kilo mbili. Kwa Soila hakwenda. Kila Jumapili alisema atakwenda, na kila Jumapili miguu ikawa mizito.

Mvua ya Aprili ikanyesha. Safiyo akamwita, safari hii bila kelele.

"Kichuguu imefungua. Mama Soila ameuliza."

"Ulimwambia?"

"Habari ya mama ya mtu inasemwa na mwenyewe."

Akaenda na kopo, amekunja lile blanketi la kijivu kwapani, maana baada ya mazishi dada zake walikuwa wamempa yeye. Njiani aliona jinsi nyika ilivyoliwa. Wana wa kiume wa Soila walikuwa wameuza upande wa barabara. Mawe yamerundikwa, mitaro imechimbwa, vigingi kila mahali. Na alipofika kichuguuni moyo ulimshuka. Nacho kilikuwa kimezungushiwa vigingi vinne, na kwenye kimoja kumefungwa kitambaa chekundu. Wameuza na hiki, akawaza. Alikaa chini kwenye majani yenye maji, hakujali suruali.

"Kwa nini umekaa kama mgonjwa?" Soila alikuwa nyuma yake, kikombe cha bati mkononi, kuku wakimfuata. "Hiyo ni mimi nimeweka. Surveyor alitaka kupitisha laini hapa. Nikamwambia hapa iko na mwenyewe. Akasema nani. Nikamwambia ni mama moja ya Bungoma." Kile kitambaa kilikuwa kipande cha shuka lake. Alijichekea, akatazama blanketi. "Yeye anakuja lini? Kila mwaka unasema atakuja."

Wanyama aliinuka kutoka kwenye majani.

"Yeyo, mama alituacha. Tulimzika mwezi wa pili."

Soila aliweka kikombe chini. Alichukua blanketi kwapani mwa Wanyama, akalikunjua, akalitandaza juu ya fito zilizobaki tangu mvua iliyopita, akavuta pembe zake zote mpaka mwanga ukaisha ndani. Kisha akaokota vijiti na ubao, akakaa juu ya jiwe, akaanza kugonga. Aligonga vibaya, haraka mno, kama mtu anayefukuza mbwa. Wanyama hakumsahihisha. Chiswa walichelewa, lakini wakatoka.

Wanyama akachota kikombe cha kwanza, akampa Soila kwa mikono miwili. Kuku walikuwa wamekuja mbio, wamenyoosha shingo, wanangoja.

Soila alikitazama kikombe kwa muda. Akatia vidole viwili, akatoa mmoja, akapuliza mabawa kama alivyomwona mwenzake akipuliza, akamtia mdomoni. Akafumba macho. Akatafuna polepole, uso umekunjamana, kisha mikunjo ikaanza kulegea.

"Kumbe ni mafuta," akasema. "Kama ya kondoo."

Kuku mmoja akaruka kwenye goti lake. Soila akafunika kikombe kwa kiganja.